Barua ya wazi kutoka Mombasa: Tuambieni redio hii ni ya nani

Kwa kamati za Bunge la Taifa na Seneti zinazosimamia habari na mawasiliano. Kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kwa Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya. Kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Na kwa Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuanzia kwa Mheshimiwa Gavana hadi kwa waheshimiwa wa Bunge la Kaunti.

Waheshimiwa,

Mwenye kibanda cha viazi pale Kongowea akifungua redio alfajiri ana vituo chungu nzima vya kuchagua. Akiweka Pwani FM, yuko kwa serikali, maana kituo hicho ni cha KBC, shirika la utangazaji la Dola. Akihamia Bahari FM, yuko kwa Royal Media Services, wenye Citizen. Akihamia Msenangu FM, yuko kwa Mediamax, wenye K24 na Kameme. Sauti zote tatu zinazungumza Kiswahili cha huku kwetu, zinatania kama watu wa huku, na bei ya nazi zinaijua. Bodi zake ziko Nairobi. Hilo si kosa. Kosa ni kwamba muuza viazi hana njia rahisi ya kulijua, na nyinyi mnayo.

Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2010 kimeandikwa vizuri mno. Kinaikataza Dola kumwingilia mtangazaji au kumwadhibu kwa maoni yake. Kinataka utoaji wa leseni uwe huru dhidi ya serikali, dhidi ya wanasiasa, na pia dhidi ya maslahi ya biashara. Hilo la tatu husomwa haraka na kupitwa. Waliotunga Katiba walijua kwamba askari akija mlangoni mji mzima humwona, ila karatasi ya hisa, ankara ya tangazo na barua ya masafa hazionwi na mtu. Barua hii inazungumzia karatasi hizo.

Tuanze na hisa. Mtu yeyote mwenye akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, anaweza kulipia hati ya CR12 ya kampuni akapata majina ya wakurugenzi na wenye hisa. Jaribuni kuifanya kazi hiyo kwa kampuni za utangazaji muone inavyokwama. Mwenye hisa anayetajwa anaweza kuwa si mtu bali kampuni nyingine. Unalipia CR12 ya hiyo ya pili, unakuta hisa zake zimeshikwa na ya tatu, au na wakili kwa niaba ya mteja wake, au na kampuni iliyosajiliwa ng'ambo, ambako eCitizen haifiki. Uzi unakatikia hapo.

Pengo hili sheria ilishaliona. Kanuni za mwaka 2020 zilizo chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015 zinaitaka kila kampuni imtaje kwa Msajili mtu halisi aliye nyuma yake: mwenye angalau asilimia 10 ya hisa au ya kura, au mwenye uwezo wa kuteua na kuwaondoa wakurugenzi, au mwenye usemi mkubwa juu ya kampuni hata kama jina lake halimo popote. Daftari hilo lipo, na ni la kielektroniki. Raia ndiye asiyefunguliwa. Kwa kampuni ya kuuza matairi huenda siri hiyo ina sababu. Kampuni inayotumia masafa ya umma kuwaambia watu nani wa kumpigia kura haina sababu hata moja ya kumficha mwenyewe.

Hata daftari hilo likifunguliwa kesho, asilimia 10 ni wavu wenye matundu makubwa. Mtu akigawa asilimia tisa tisa za hisa kwa mke, ndugu, watoto na kampuni dada, hakuna samaki atakayenaswa. Kwa vyombo vya habari tungeshauri kipimo kishuke hadi asilimia 5, na jamaa wa karibu pamoja na kampuni zinazopiga kura kwa kauli moja wahesabiwe kama mtu mmoja. Kisha kuna umiliki usiopitia hisa kabisa. Mkopeshaji aliyeshikilia rehani ya mitambo ana nguvu kuliko mwenye asilimia 20 ya hisa. Mtu anayenunua saa tatu za asubuhi kila siku, akaleta watangazaji wake na ajenda yake, ndiye mwenye redio kwa saa hizo tatu, leseni iandikwe jina litakalo. Daftari la umiliki lisilo na safu ya madeni na safu ya vipindi vilivyokodishwa litakuwa pambo la ukutani.

Sasa umiliki huu huingiaje kwenye habari? Wengi hudhani mmiliki hupiga simu akasema "toa hiyo." Simu za namna hiyo zipo, lakini si nyingi, kwa sababu hazihitajiki.

Kwenye gazeti, kurasa huchorwa kwa matangazo kwanza; habari hujazwa kwenye nafasi iliyobaki. Kwa hiyo idara ya matangazo huujua ukurasa wa kesho kabla ya mhariri wa habari. Kampuni iliyonunua ukurasa mzima ikiwa ndiyo hiyo hiyo iliyotajwa kwenye stori ya ukurasa wa tano, hakuna atakayesema stori iondolewe. Mwandishi ataambiwa atafute upande wa pili. Akiuleta, ataambiwa haujitoshelezi. Ataambiwa wakili aipitie. Wakili atairudisha Ijumaa jioni. Jumatatu kuna jambo jingine. Stori haikuuawa, ililazwa tu, na stori iliyolala wiki tatu haiamki. Ubaya wa njia hii ni kwamba kila hatua yake, ukiitazama peke yake, ni kanuni nzuri ya uandishi.

Redioni mambo ni mepesi zaidi. Mtangazaji wa kipindi cha asubuhi husoma mwenyewe tangazo la mdhamini, tena kwa sauti ile ile anayomhojia mgeni. Mdhamini akiwa ni idara ya serikali au kampuni ya bahati nasibu, wasikilizaji watapiga simu kuuliza kuhusu barabara na mwizi wa mifugo. Kuhusu mdhamini simu hukatika.

Halafu kuna bajeti, na hapa ndipo Pwani inapoumia kuliko Nairobi. Makao makuu yakipunguza gharama, ofisi za mikoani ndizo za kwanza kubanwa: gari linaondolewa, mpigapicha anaondolewa, wanabaki makorespondenti wanaolipwa kwa kila stori inayotoka. Stori ya mkutano wa waandishi hotelini huchukua saa mbili. Stori ya shamba la Likoni au la Kwale linalogombaniwa huchukua wiki tatu: kutafuta hati kwenye ofisi ya ardhi, kusoma jalada mahakamani, kuvuka feri mara nne kuwaona wazee. Malipo ni yale yale. Tena kule hotelini kuna bahasha ya "nauli." Waswahili walishasema mkono mtupu haulambwi, na penye udhia penyeza rupia. Anayemlaumu korespondenti kwa kuchagua hoteli amwangalie kwanza aliyepanga malipo hayo, na aliyepanga ni mmiliki.

Fikirini habari ya sumu ya madini ya risasi iliyotoka kiwandani katika mtaa wa Owino Uhuru. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru wakaazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Habari kama hiyo huanza na mama mmoja aliyeshika karatasi ya vipimo vya damu ya mtoto. Inataka mtu wa kusoma kipimo, kuuliza leseni ya kiwanda, kurudi mtaani mara ya tano. Chombo chenye korespondenti mmoja wa kaunti tatu hakiwezi. Hakijatishwa na yeyote wala hakijahongwa. Hakina mtu wa kumtuma.

Mawakili nao wana sehemu yao. Tarehe 6 Februari 2017 Mahakama Kuu ilikifuta kifungu cha 194 cha Kanuni za Adhabu, kilichofanya kashfa kuwa jinai. Tangu hapo mwandishi hafungwi kwa kumvunjia mtu heshima, lakini kesi ya madai ipo na ni ghali. Mmiliki ambaye kazi yake ni habari pekee ataipima kesi kwa ukweli wa stori. Mmiliki mwenye benki, shamba, hoteli na zabuni atapima pia kesi hiyo itamharibia nini kwingine, na mara nyingi ataona ni nafuu kuomba radhi. Wahariri wakishaona radhi mbili tatu za namna hiyo, wanachora ramani kichwani ya yasiyoguswa. Haijaandikwa popote. Mwandishi mpya huijua kabla hajapata kitambulisho cha kazi.

Mara chache ramani hiyo hujitokeza hadharani. Mwaka 2016 Nation Media Group iliachana na mhariri Denis Galava baada ya tahariri iliyomkosoa Rais, na mwaka huo huo mchoraji katuni Gado akaondoka. Tarehe 27 Machi 2018 waandishi wanane wa safu za maoni walijiuzulu pamoja katika kampuni hiyo hiyo wakilalamikia kuingiliwa. Tulijua kwa sababu ni watu wenye majina. Korespondenti wa Kwale akikatiwa kazi hakuna atakayeandika.

Isidhaniwe tunalilia zama za dhahabu. Gazeti la The Standard la leo lilizaliwa hapa hapa Mombasa mwaka 1902 kwa jina la African Standard, mwenyewe akiwa mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee. Mwaka 1905 akaliuza kwa Waingereza, likawa East African Standard, na mwaka 1910 likahamia Nairobi. Likawa sauti ya masetla. Baadaye likawa la Lonrho, kampuni ya Uingereza, na katika miaka ya 1990 likaingia mikononi mwa watu wa karibu na Rais Daniel arap Moi. Tarehe 2 Machi 2006, Moi akiwa hayupo tena madarakani, polisi waliofunika nyuso walivamia ofisi na mtambo wake wa uchapishaji usiku. Someni historia hiyo ya gazeti moja mtaona jina likibaki na kila mwenyewe mpya akija na wasomaji wake na adui zake. Mtaona pia kwamba mmiliki aliye upinzani hajawa kinga. Yeye ni upande mwingine tu.

Kwa kulinganisha, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanza kutoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, msomaji alijua analosoma ni la nani na anataka nini. Lilikuwa na msimamo mkali na halikuuficha. Hatudai vyombo visivyo na msimamo. Tunadai msimamo wenye anwani.

Leo gazeti la kila siku la Kiswahili nchini ni moja, Taifa Leo, nalo ni la kampuni moja. Kampuni hiyo hiyo ina Daily Nation na NTV. Standard ina gazeti, KTN na Radio Maisha. Royal ina runinga ya Citizen na msururu wa redio za lugha za kienyeji. Mediamax ina People Daily, K24 na redio zake. Radio Africa ina The Star, Kiss na Radio Jambo. Bodi tano, ukiongeza KBC ni sita. Bodi hizo zikikubaliana kwamba jambo fulani si habari, litasikika kwa mapana kutoka wapi? Kwenye simu, mtasema. Ni kweli, na uvumi nao husikikia huko huko.

Tugeukie ankara. Mnunuzi mkubwa wa matangazo nchini ni serikali. Mwaka 2015 ununuzi wake uliwekwa chini ya Wakala wa Matangazo ya Serikali. Februari 2017 ikatoka amri ya kusitisha matangazo kwenye vyombo vya kibinafsi, serikali ikajichapishia gazeti lake, MyGov. Machi 2025 Idara ya Utangazaji ikaziandikia wizara na mashirika ya umma kwamba matangazo yote yapelekwe KBC. Kila mara sababu iliyotolewa ni kubana matumizi, nayo ni sababu halali. Shilingi ya umma si ya kuruzuku magazeti. Shida ni kwamba ofisi moja inaamua, bila fomyula iliyochapishwa, nani apate na nani akose. KBC nayo mwenyekiti wake huteuliwa na Rais, ilhali Kifungu cha 34(4) kinasema chombo cha Dola kiamue chenyewe habari zake, kisipendelee, na kiwape nafasi wenye maoni tofauti. Kukimiminia fedha zote bila kwanza kukipa bodi huru ni kumsifu mgema, naye tembo atalitia maji.

Kuna jambo moja ambalo watu wa nje ya fani hulikosa. Kunyimwa tangazo si hatari kubwa kuliko zote; aliyenyimwa hana cha kupoteza, anaweza kuandika atakavyo. Hatari ni deni. Serikali, iwe ya Nairobi au ya kaunti, ikichukua matangazo ya miezi minane bila kulipa, mhasibu wa kituo anaanza kuhudhuria mikutano ya wahariri. Anayekudai huwezi kumkosea, na unayemdai ndiye huwezi kabisa. Ndiyo maana bili zisizolipwa zinanyamazisha kuliko amri.

Serikali ya Kaunti ya Mombasa inaweza kulimaliza hili kwa ukurasa mmoja. Kila robo ya mwaka ichapishe jedwali lenye safu saba: tarehe ya tangazo, chombo, kampuni na mmiliki halisi, ukubwa, yaani sekunde kwa redio na sentimita kwa safu kwa gazeti, bei, sababu ya kuchaguliwa, na tarehe ya malipo. Hiyo ya mwisho ndiyo kiini. Malipo yasizidi siku 60, na anayezidisha aandikwe. Uchaguzi ufuate usikilizwaji wa eneo linalohusika: tangazo la ushiriki wa umma Jomvu liende kwenye redio inayosikika Jomvu, si kwenye kituo kinachosikilizwa kwenye magari ya Nyali kwa sababu afisa wa mawasiliano anakipenda. Na sehemu fulani, tuseme moja ya tano, itengewe redio za jamii, ambazo kwa kawaida hukosa kila kitu kwa sababu hazina watu wa kuvaa suti na kufuatilia zabuni.

Karatasi ya tatu ni ya masafa. Bendi ya FM inaanza megahezi 87.5 na kuishia 108. Vituo viwili vinavyorushwa kutoka mnara mmoja kwa desturi huachana kilohezi 400 ili visiingiliane. Pigeni hesabu: nafasi ni hamsini na kidogo, na hapo bado hamjaondoa zile zinazogongana na vituo vya Kilifi, Kwale na visiwa vya jirani zetu. Kwa hiyo kila masafa kundi moja linayoyashika bila kuyatumia, au linayoyatumia kurudia matangazo ya Nairobi neno kwa neno, yamenyimwa mtu mwingine. Mamlaka ya Mawasiliano ipime kila mwaka ni saa ngapi za vipindi zinatengenezwa ndani ya eneo la leseni. Kurekodi siku saba na kuzisikiliza hakuhitaji mtambo wa ajabu. Kompyuta moja na kadi ya redio vinatosha.

Runinga ina mlango wake mwembamba: msambazaji wa mawimbi. Tulipohamia dijitali, leseni za kwanza zilikwenda kwa Signet, iliyo ya KBC, na kwa PANG ya Wachina. Nation, Standard na Royal zilipinga hadi Mahakama ya Juu, zikaunda msambazaji wao wa pamoja, ADN, na Februari 2015 skrini zao zikawa nyeusi kwa zaidi ya wiki mbili mgogoro ukiendelea. Aliyebaki hana mnara wake hukodi kwa mshindani wake au kwa serikali. Bei ya kukodi ni silaha isiyotoa mlio. Tarehe 30 Januari 2018 NTV, KTN na Citizen zilizimwa kwa kuonyesha kiapo cha Raila Odinga; mahakama iliamuru zirudishwe, amri ikapuuzwa, na Citizen ilikaa gizani zaidi ya wiki. Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ilizikataza runinga na redio kuonyesha maandamano moja kwa moja, mitambo ikazimwa, na Mahakama Kuu ikasimamisha katazo hilo siku hiyo hiyo. Kikulacho ki nguoni mwako: mwenye leseni ya kuzima ni yule yule mwenye leseni ya kuwasha, na mwenyekiti wa bodi yake pia huteuliwa na Rais. Sheria iseme wazi kwamba mtambo wa utangazaji hauzimwi bila amri ya mahakama iliyotolewa kabla, isipokuwa mawimbi yake yanaingilia usalama wa ndege au vyombo vya majini.

Nchi nyingine zimeweka mipaka, na zinafaa kutazamwa kwa jicho kavu. Sheria ya mawasiliano ya Afrika Kusini ya 2005 hairuhusu mtu mmoja kudhibiti leseni zaidi ya moja ya runinga ya kibiashara, wala mwenye gazeti kudhibiti runinga na redio za kibiashara zote mbili. Ujerumani humhesabu mwenye asilimia 30 ya watazamaji kuwa ana nguvu kupita kiasi juu ya maoni ya watu. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya 2024 iliyoanza kazi Agosti 2025, unataka chombo kitangaze wamiliki wake halisi na fedha za matangazo ya umma kilizopokea kwa mwaka. Marekani ilikwenda upande mwingine: katazo la 1975 la kumiliki gazeti na kituo cha utangazaji katika mji mmoja lilifutwa 2017, na Mahakama ya Juu ikaliacha hivyo mwaka 2021.

Hungary ndiyo ya kutazama kuliko zote. Mwaka 2018 wamiliki walio karibu na serikali walikabidhi vyombo zaidi ya 400 kwa wakfu mmoja, na serikali ikautangaza kuwa na umuhimu wa kitaifa ili ofisi ya ushindani isiukague. Hakuna mwandishi aliyekamatwa siku hiyo. Kwetu, Sheria ya Ushindani ya 2010 inazitaja ajira, biashara ndogo na manufaa kwa eneo kama vigezo vya kupima muungano wa kampuni. Wingi wa sauti haumo. Uingizwe, kwa mstari mmoja.

Lakini msinakili asilimia za Ujerumani mkazileta hivyo hivyo. Kwanza, kipimo cha kitaifa kitadanganya huku: kundi lenye asilimia 12 ya wasikilizaji wa Kenya linaweza kuwa na nusu ya Lamu. Pimeni kwa kaunti. Pili, asilimia haina maana kama takwimu za wasikilizaji zinalipiwa na vituo vyenyewe. Anayepimwa asiwe mwenye mizani. Tatu, na hili ndilo tunalolihofia, sheria ya mipaka ya umiliki ikiwekwa mkononi mwa waziri itakuwa rungu la kumpigia mmiliki mkaidi mwaka wa uchaguzi. Uamuzi uwe na sababu zilizoandikwa, uweze kukatiwa rufaa, na usianze kutekelezwa ndani ya miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu. Ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, hesabuni wenyewe. Tena vituo vidogo vikitaka kuungana kwenye mnara, jenereta na mhasibu, viachwe viungane. Kinachopaswa kubaki mbalimbali ni chumba cha habari.

Kwa wamiliki wenyewe hatuna mengi. Wekeni kwa maandishi jinsi mhariri mkuu anavyoajiriwa, kwa sababu zipi anaweza kufutwa, na nani ana haki ya kuona habari kabla haijatoka. Kurasa mbili zinatosha. Zichapisheni.

Mwisho, barua hii ni ombi rasmi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaruhusu ombi kuandikwa kwa Kiswahili, na inamfanya mkuu wa kila taasisi ya umma kuwa afisa wa kulijibu. Tunaomba haya:

Mamlaka ya Mawasiliano itupe, kwa kila leseni ya redio na runinga inayohusu kaunti za Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, jina la kampuni, wamiliki halisi kama walivyoelezwa kwenye maombi ya leseni, na masafa yaliyotolewa lakini hayatumiki.

Serikali ya Kaunti ya Mombasa itupe orodha ya matangazo iliyonunua kwa miaka mitatu ya fedha iliyopita, chombo kwa chombo, pamoja na yale ambayo haijayalipia.

Mamlaka ya Ushindani itupe maamuzi yake yote yaliyohusu ununuzi au muungano wa kampuni za habari, na sababu zake.

Baraza la Vyombo vya Habari litupe kiasi cha fedha lilichopokea kila mwaka, na kutoka wapi, kwa miaka mitano.

Sheria inawapa siku 21 kujibu, na si zaidi ya 14 za nyongeza kama kuna majalada mengi ya kupekua. Jibu likikataliwa au lisipokuja, tuna siku 30 za kulipeleka kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Nakala zitaletwa kwa mkono. Siku zinahesabiwa kuanzia muhuri wa kupokelewa. Majibu yakija, tafadhali yabandikwe pia kwenye mbao za matangazo za ofisi za wadi, kwa Kiswahili, maana muuza viazi wa Kongowea ndiye aliyeuliza kwanza.

Sisi raia tunaofanya kazi ya habari, sheria na mitambo ya utangazaji,
Mombasa